Pasipoti ya Uingereza kupitia mzazi aliyezaliwa huko: tathmini ya huduma na makaratasi yake

Wapo Wakenya na Watanzania ambao ni raia wa Uingereza tangu siku waliyozaliwa na hawana habari. Si lazima wawe na babu Mzungu. Miaka ya sitini na sabini vijana wengi wa Afrika Mashariki walikwenda Uingereza kusomea uuguzi, sheria, ualimu na uhandisi. Wengine walipata watoto hukohuko, wakarudi nao Nairobi, Dar es Salaam au Kampala. Mtoto aliyezaliwa London au Leeds kabla ya tarehe 1 Januari 1983 alipata uraia wa huko kwa kuzaliwa tu, hata kama baba na mama walikuwa wanafunzi wenye pasipoti za Kenya. Walioachwa nje ni watoto wa wanadiplomasia. Na mtu huyo akija kuzaa Kisumu au Tanga, watoto wake nao mara nyingi ni raia wa Uingereza kwa nasaba.

Tunachopima hapa ni huduma ambayo mtu wa namna hiyo ataitumia: ombi la pasipoti ya kwanza ya mtu mzima anayeishi nje, linaloshughulikiwa na HM Passport Office. Tunaongeza huduma mbili zinazoambatana nalo, yaani usajili wa uraia unaofanywa na Home Office (wizara ya mambo ya ndani ya Uingereza), na uagizaji wa vyeti kutoka General Register Office. Hukumu yetu tunaitoa mapema. Ni huduma ya haki, na bei yake ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kasoro yake kubwa ni kwamba inamwachia mwombaji kazi ya kujua anastahili kwa kifungu kipi, na akituma ombi lisilomhusu, ada hairudi. Lakini ukipanga maombi yanayokwama kwa sababu zake, utakuta kwamba mengi yamekwamia kwenye vyeti vya nyumbani, na hivyo vinarekebishika kabla ya kulipa hata senti.

Tarehe yako, na ni mzazi yupi

Sheria inayotawala ni British Nationality Act ya 1981, iliyoanza kazi tarehe 1 Januari 1983. Inatenganisha raia wa aina mbili. Aliyezaliwa Uingereza anaweza kumrithisha uraia mtoto aliyezaliwa nje. Aliyeurithi kwa nasaba, kwa kawaida, hawezi kumrithisha mwanawe aliyezaliwa nje. Uraia unavuka bahari kizazi kimoja tu. Kwa hiyo usianze kwa kuuliza kama mzazi wako ana pasipoti ya Uingereza. Pasipoti haisemi aliipata kwa njia gani. Uliza alizaliwa wapi na mwaka gani. Hata kama hajawahi kushika pasipoti ya Uingereza maishani, hata kama ameshafariki, haki yako inabaki palepale.

Ukiwa umezaliwa tarehe 1 Januari 1983 au baada ya hapo, na mama yako ndiye mzaliwa wa Uingereza, umepata kesi nyepesi kuliko zote. Ndoa ya wazazi haihusiki. Wewe ni raia tayari, unakwenda moja kwa moja kuomba pasipoti.

Akiwa ni baba, mambo yanagawanyika. Waliozaliwa kati ya 1 Januari 1983 na 30 Juni 2006 walipata uraia kupitia baba iwapo tu alikuwa amemwoa mama yao. Wazazi wakioana baadaye, hata miaka kumi baada ya mtoto kuzaliwa, mtoto huhesabiwa wa ndoa tangu mwanzo, ilimradi sheria ya nchi ambayo ndiyo maskani ya kudumu ya baba inakubali jambo hilo. Wasipooana kabisa, mtoto hakuzaliwa raia, lakini ana haki ya kusajiliwa kwa fomu UKF. Njia hii ilifunguliwa Aprili 2015. Kuanzia 1 Julai 2006 sharti la ndoa liliondoka, na kinachotakiwa ni uthibitisho kwamba huyo ndiye baba.

Hapo pana mtego ambao watu hawautarajii. Kwa waliozaliwa kuanzia Julai 2006, mama akiwa na mume wakati wa kujifungua, sheria ya uraia inamhesabu mume huyo kuwa ndiye baba. Mama aliyeachana na mume wa kwanza bila kupata talaka, kisha akazaa na mwanamume mwingine mzaliwa wa Uingereza, mtoto wake hapati uraia kwa baba mzazi moja kwa moja, hata DNA iseme nini. Kwake yeye njia ni maombi ya usajili, na afadhali yafanyike angali chini ya miaka 18.

Waliozaliwa kabla ya 1983 wanaangukia sheria ya zamani, ile ya 1948, iliyomruhusu baba peke yake kurithisha. Baba mzaliwa wa Uingereza aliyemwoa mama yako: wewe ni raia, omba pasipoti. Mama mzaliwa wa Uingereza na baba Mkenya: hukuzaliwa raia, ila unasajiliwa kwa fomu UKM chini ya kifungu cha 4C cha sheria ya 1981. Kifungu hicho mwanzoni kiliwahusu waliozaliwa baada ya 7 Februari 1961 tu; tangu Januari 2010 kinawafikia hata wakubwa zaidi. Katiba ya zamani ya Kenya ilikuwa na ubaguzi huohuo: mtoto aliyezaliwa nje alipata uraia wa Kenya kwa baba, mama hakuhesabiwa, mpaka Katiba ya 2010 ilipofuta.

Tahadhari moja kuhusu mzazi mwenyewe. Akiwa amezaliwa Uingereza mwaka 1983 au baadaye, kuzaliwa huko hakutoshi. Lazima mmoja wa wazazi wake awe alikuwa raia au mkaazi wa kudumu siku hiyo. Mtoto wa mwanafunzi aliyezaliwa Manchester Desemba 1982 ni raia. Mdogo wake aliyezaliwa hospitali ileile 1984, wazazi wakiwa bado na viza ya masomo, siye.

Tovuti ya serikali ya Uingereza ina kikagua-uraia cha bure kinachouliza maswali haya kwa mpangilio mzuri, bila kutaka jina wala akaunti. Kingine kinauliza unaishi wapi na ulizaliwa wapi, kisha kinakupa orodha ya hati za kuambatisha. Vyote viwili tunavisifu. Vina upungufu mmoja: vinakupa jibu bila kukueleza limetokana na sheria ipi, hivyo ukibofya vibaya kwenye swali la ndoa ya wazazi, hakuna kitakachokustua. Pitia maswali mara mbili, na mara ya pili uwe na vyeti mkononi, usijibu kwa kumbukumbu.

Mzazi aliukana uraia?

Swali hili linaua maombi kimyakimya. Zamani Kenya na Tanzania zilimtaka mtu mwenye uraia wa nchi mbili achague mmoja akifikia utu uzima, na baadhi ya waliozaliwa Uingereza waliukana rasmi uraia wa huko. Kwa sheria ya Uingereza, kukana kunakamilika pale tu tamko linaposajiliwa na serikali ya Uingereza yenyewe. Kuchukua pasipoti ya Kenya, au kula kiapo mbele ya hakimu Mombasa, peke yake hakukumvua mtu uraia wa Uingereza. Kwa hiyo mzee akisema "mimi niliuacha ule uraia", muulize kama alipokea karatasi ya tamko lililosajiliwa. Kama tamko lilisajiliwa kabla hujazaliwa, mlango umefungwa kwako, kwa sababu siku unazaliwa hakuwa raia. Yeye mwenyewe anaweza kuurudisha kwa fomu RS1, lakini kurudi kwake hakurudi nyuma hadi siku yako. Kama lilisajiliwa baada ya wewe kuzaliwa, halikugusi.

Cheti cha mzazi

Hapa huduma ni ya kusifiwa bila kusita. General Register Office, ambayo inahifadhi kumbukumbu za England na Wales tangu Julai 1837, inauza nakala rasmi kwa pauni 12.50, au pauni 38.50 ukitaka ya haraka. Mtu yeyote anaweza kuagiza cheti cha mtu mwingine. Huhitaji barua ya ruhusa wala kueleza sababu. Unachohitaji ni jina, mwaka, na mahali pa kuzaliwa, na ukiwa na namba za faharasa (robo ya mwaka, wilaya, juzuu na ukurasa) kazi inakwenda haraka zaidi. Namba hizo unaweza kuzitafuta bure kwenye tovuti ya FreeBMD. Kuanzia robo ya tatu ya 1911 faharasa inaonyesha pia jina la ukoo la mama kabla ya kuolewa, jambo linalosaidia sana pale panapokuwa na watu watano wa jina moja.

Agiza cheti kirefu. Kuanzia 1947 zilitolewa pia nakala fupi zenye jina, jinsia, tarehe na wilaya tu, na ndizo wazazi wengi walizorudi nazo kwenye bahasha kwa sababu zilikuwa rahisi. Nakala fupi haina majina ya wazazi, kwa hiyo haithibitishi nasaba, na haikubaliki. Vyeti virefu vya kuanzia Aprili 1969 vinaonyesha hata mahali walipozaliwa baba na mama. Ukiona "Nyeri" au "Moshi" kwenye mstari huo usiogope, haimpunguzii mwenye cheti chochote. Na ile picha ya kidijitali inayouzwa kwa bei ya chini kwenye tovuti ni ya watafiti wa koo. Si cheti, usiipeleke.

Aliyezaliwa Scotland yuko kwenye kumbukumbu za National Records of Scotland, na aliyezaliwa Belfast kwenye ofisi ya Ireland ya Kaskazini. Kumtafuta Southport, iliko General Register Office, ni kupoteza muda. Akiwa amezaliwa Dublin au Cork, umekuja mahali pasipo: huyo anakurithisha uraia wa Ireland. Jihadhari pia na tovuti za watu binafsi zinazojitokeza juu kabisa ya matokeo ya utafutaji na kuuza cheti kilekile kwa bei mara nne au tano. Si lazima wawe matapeli. Wanakujazia fomu ambayo ungeijaza mwenyewe kwa dakika chache.

Vyeti vyetu

Cheti chako cha kuzaliwa cha Kenya kina tarehe tatu: ya kuzaliwa, ya kusajiliwa, na ya kutolewa. Mkaguzi wa Uingereza ataanzia kwenye ile ya katikati. Sheria ya Kenya inataka uzazi usajiliwe ndani ya miezi sita, lakini kila mtu anajua kwamba vyeti vingi vilifuatwa mtoto akiwa anaingia darasa la nane, au hata alipotaka kitambulisho. Cheti kilichosajiliwa miaka kumi na nne baada ya kuzaliwa si batili, ila hakiwezi kusimama peke yake. Kiunge mkono na hati za wakati ule: kadi ya kliniki yenye chanjo, cheti cha ubatizo, kumbukumbu ya hospitali ya uzazi, rekodi ya kuingia shule ya msingi yenye jina la mzazi. Hati ya kiapo iliyoandikwa mwezi uliopita na shangazi ina uzito mdogo kuliko kadi ya kliniki iliyochakaa. Tanzania hali ni hiyohiyo kwa vyeti vya RITA, wakala wa usajili wa huko, vilivyotolewa ukubwani.

Kwa wanaorithi kwa baba bila ndoa, tarehe ya kusajiliwa ina uzito wa pekee. Cheti kinachomtaja baba na kilichosajiliwa ndani ya mwaka mmoja wa kuzaliwa ndicho ushahidi rahisi kuliko wote. Kikiwa cha baadaye, jiandae kuleta ushahidi mwingine wa ubaba: DNA kutoka maabara inayotambuliwa, amri ya mahakama, au rundo la hati zinazoonyesha alivyokutambua na kukulea.

Kisha kuna vyeti vya Kenya visivyo na jina la baba kabisa. Kifungu cha 12 cha sheria ya usajili wa vizazi na vifo kilizuia jina la baba asiyemwoa mama lisiandikwe isipokuwa wote wawili waombe, na nafasi ikajazwa herufi za X. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mwenye cheti cha zamani cha namna hiyo aanze kwa msajili wa Kenya kuomba jina la baba liingizwe, ndipo afikirie Uingereza. Kufanya kinyume chake ni kutuma cheti kinachokupinga.

Ndoa ndiyo mfupa. Mfano: baba kazaliwa Leeds 1966, mtoto wa wanafunzi, akakulia Kakamega, akaoa kimila 1990, mahari ikatolewa, wazee wakashuhudia, mtoto kazaliwa 1992. Kwa familia hiyo hakuna shaka kwamba ndoa ipo. Kwa ofisi ya Uingereza hakuna karatasi. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 ndiyo iliyoleta usajili wa ndoa za kimila, na kanuni zake zikaanza kutumika Agosti 2017, kwa hiyo wanandoa walio hai wanaweza kusajili na kupata cheti. Hakikisha tarehe inayoandikwa ni ya ndoa ya 1990, isiwe siku mliyokwenda ofisini. Mmoja akiwa amefariki, kusanya kinachoonyesha kwamba jamii na serikali ziliwatambua kama mume na mke: barua ya chifu, fomu za bima au za mwajiri zilizomtaja mke, hati za mirathi. Ndoa isipothibitika kabisa, njia ya UKF ndiyo ya kufikiria.

Waislamu wa pwani wana nafuu, maana cheti cha nikahi cha Kadhi, au cha BAKWATA kwa Tanzania Bara, kwa kawaida kipo. Kikiwa kwa Kiswahili au Kiarabu, kinahitaji tafsiri ya Kiingereza ya mfasiri wa kazi hiyo, si ya binamu anayejua lugha.

Majina sasa. Cheti cha kuzaliwa kinasema Fatuma Ali Juma, kitambulisho kinasema Fatma Ali, pasipoti imeongeza jina la mume. Uingereza inataka mtu awe na jina moja kwenye hati zake zote, na itakutaka pasipoti yako ya Kenya ilingane na ile unayoomba. Tofauti ya herufi moja hupita ukiieleza. Jina zima kupotea au kuongezeka halipiti bila hati ya kuunganisha: cheti cha ndoa, au hati rasmi ya kubadili jina. Ushauri wetu ni kurekebisha kitambulisho na pasipoti ya nyumbani kwanza, ingawa inachosha. Angalia vilevile mnyororo wa mama: cheti chake cha Uingereza kina jina la ukoo alilozaliwa nalo, cheti chako kina la ndoa, na kila badiliko katikati linataka karatasi yake. Aliyeolewa mara mbili anahitaji vyeti viwili vya ndoa na cha talaka.

Ombi lenyewe

Fomu ya mtandaoni imetengenezwa vizuri. Swali moja kwa kila ukurasa, na unaweza kuliacha na kulirudia. Kuanzia Aprili 2025 ada ya mtu mzima anayeomba akiwa nje ilikuwa pauni 108 mtandaoni, na mjumbe wa kusafirisha hati juu yake. Ada hizi hupandishwa karibu kila masika, kwa hiyo tazama ya siku unayolipa. Ukiwa Uingereza kihalali kwa sababu nyingine unaweza kuomba ukiwa huko kwa bei ya chini kidogo.

Kinachotumwa ni hati halisi: cheti chako, cheti kirefu cha mzazi, cheti cha ndoa kinapohitajika, na uthibitisho wa makazi. Pasipoti yako ya nyumbani inatolewa nakala ya rangi ya kila ukurasa, pamoja na kurasa tupu. Watu wanatoa nakala ya ukurasa wa picha na zile zenye mihuri, na ombi linasimama wiki kadhaa kwa kusubiri kurasa ambazo hazina kitu. Kabla ya kutuma halisi, omba nakala ya pili ya kila cheti kwa msajili. Hati zikirudi huja kwa mzigo tofauti na pasipoti, basi usishtuke kimoja kikitangulia.

Anahitajika mtu wa kuthibitisha kwamba picha ni yako. Awe amekufahamu angalau miaka miwili, awe na kazi inayotambulika au heshima katika jamii, asiwe ndugu, mkwe, mpenzi wala mtu mnayeishi nyumba moja. Akiishi nje ya Uingereza, pasipoti yake iwe ya Uingereza, Ireland, nchi ya Umoja wa Ulaya, Marekani au nchi ya Jumuiya ya Madola. Wengi hawajui hiyo ya mwisho: mwalimu mkuu mwenye pasipoti halali ya Kenya au Tanzania anatosha, huna haja ya kumtafuta Mwingereza wa kukutilia saini. Daktari anayekutibu hafai, ila kama ni rafiki yako wa karibu na anasema hivyo. Mweleze kwamba anaweza kupigiwa au kuandikiwa; mthibitishaji asiyejibu barua pepe ni sababu ya kawaida ya kuchelewa.

Waombaji wa mara ya kwanza huitwa kwenye mahojiano, mara nyingi kwa video. Hawakuulizi historia ya wafalme. Wanauliza ulikoishi, majina na tarehe za wazazi na babu, ulijaza nini kwenye fomu. Anayefeli ni yule aliyejaziwa fomu na mtu mwingine.

Muda tunaupa alama ya wastani. Hesabu miezi, wala usinunue tiketi kwa kutegemea tarehe. Barua za kuomba nyongeza ya hati zinaandikwa kwa lugha inayoeleweka, ila zinataka jibu kwa muda uliopangwa, na zikipotea kwenye barua pepe taka ombi linaweza kufungwa.

UKM na UKF

Hizi haziendi ofisi ya pasipoti, zinakwenda Home Office, na unachopata ni cheti cha usajili. Pasipoti unaiomba baadaye kwa cheti hicho. Kutuma ombi la pasipoti wakati unapaswa kusajiliwa ndilo kosa la gharama kuliko yote, maana ofisi ya pasipoti haikugeuzii ombi likawa la usajili.

Maombi yenyewe hayana ada ya usajili, kwa sababu yanarekebisha ubaguzi wa sheria. Unalipia hafla ya uraia, ambayo ni pauni 130, na gharama za alama za vidole. Linganisha na maelfu ya pauni wanayolipa wanaoomba uraia kwa njia ya ukaazi, utaelewa kwa nini tunasema ni nafuu. Hakuna mtihani wa Kiingereza, hakuna sharti la kuishi Uingereza. Ukikubaliwa unapewa miezi mitatu ya kula kiapo, na walio nje hupangiwa na ubalozi wa Uingereza. Uraia unaanza siku ya hafla, wala haurudi nyuma hadi siku ya kuzaliwa. Watoto waliozaliwa nje kabla au baada ya hapo hawaurithi, maana uraia huu nao ni wa nasaba.

Upande wa nyumbani

Kenya ni salama. Kifungu cha 16 cha Katiba kinasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia kwa kupata wa nchi nyingine, na aliyeupoteza zamani anaweza kuuomba tena kwa kifungu cha 14. Lakini Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inakutaka utoe taarifa ndani ya miezi mitatu ya kupata uraia mwingine. Adhabu ya kuficha ni faini isiyozidi shilingi milioni tano, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote. Aliyesajiliwa kwa UKM ahesabu tangu siku ya hafla. Aliyekuwa raia tangu kuzaliwa asisubiri kubishana kuhusu tarehe, atoe taarifa pasipoti ikifika. Mwenye ndoto ya ubunge au ugavana, au ya kuingia jeshini, asome Kifungu cha 78 cha Katiba kwanza: kwa kawaida mwenye uraia wa nchi mbili hashiki nafasi hizo.

Tanzania ni kinyume. Sheria ya Uraia ya 1995 hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili, na kula kiapo cha Uingereza kwa hiari ni kuuaga uraia wa Tanzania pamoja na haki zinazofuatana nao, ardhi ikiwemo. Kwa Mtanzania aliyezaliwa kabla ya 1983 na mama mzaliwa wa Uingereza, kuna njia ambayo mawakala hawaitaji kwa sababu hawaijui: haki ya makazi chini ya kifungu cha 2 cha Immigration Act ya 1971. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola ambaye mama yake alikuwa raia kwa kuzaliwa Uingereza anaweza kuomba hati ya kuthibitisha haki hiyo, akaishi na kufanya kazi Uingereza bila viza, huku akibaki Mtanzania mtupu. Ina ada, tofauti na UKM, ila inastahili.

Uganda inaruhusu uraia wa nchi mbili kwa kuomba. Katiba ya Kongo ya 2006 inasema uraia wa Kikongo hauchanganywi na mwingine, kwa hiyo mwenye pasipoti ya Kinshasa apate ushauri kabla ya kugusa fomu yoyote.

Mawakala, na watoto wako

Kwa mwenye mama mzaliwa wa Uingereza na vyeti safi, wakala hana cha kukuongezea. Mwanasheria ana faida pale penye ndoa ya kimila isiyo na karatasi, tamko la kukana uraia, au mume wa kwanza asiyetalikiwa. Aliyeko Uingereza anayetoza pesa kwa ushauri wa uhamiaji na uraia, kama si wakili, lazima awe amesajiliwa na Immigration Advice Authority, iliyoitwa OISC hadi Januari 2025. Rejista iko wazi, tafuta jina lake kabla ya kutuma amana. Anayekuahidi "mtu wa ndani" mkate hapohapo.

Kama wewe ni raia kwa nasaba na unapanga kuzaa, jua mambo mawili. Mtoto akizaliwa Uingereza ukiwa na uraia wako, ni raia kamili na anaweza kurithisha. Akizaliwa nje, anaweza kusajiliwa chini ya kifungu cha 3(2) cha sheria ya 1981 iwapo wewe uliishi Uingereza miaka mitatu mfululizo wakati wowote kabla hajazaliwa, bila kuwa nje zaidi ya siku 270 katika kipindi hicho, na mzazi wako ni raia asiye wa nasaba. Ombi hilo lina ada kubwa na lazima liingie kabla mtoto hajatimiza miaka 18. Tunza barua za mwajiri, kodi ya nyumba na mihuri ya safari za miaka hiyo mitatu tangu sasa, maana utakuja kuzihitaji mtoto akiwa kidato cha nne, na mwenye nyumba wako wa Birmingham atakuwa ameshahama.